Damu na Uzazi Vinapofichana

Mimba ya panya wa maabara huchukua siku 19 hadi 21. Katika siku ya nne, kabla haijajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, kiinitete ni kipira cha seli chache chenye uwazi wa maji ndani yake, na ukikitazama kwa macho matupu utadhani ni chembe ya vumbi. Fundi hukishika chini ya darubini kwa ncha ya mrija wa kioo uliolainishwa kwa moto, unaokivuta kidogo tu ili kisiponyoke. Kwa mkono wa pili huleta mrija mwingine, mwembamba zaidi, uliokatwa mshazari. Ndani ya mrija huo seli kumi hadi kumi na tano zimejipanga foleni. Fundi hutoboa ukuta wa kipira, hutulia, kisha huziachia zile seli moja baada ya nyingine mpaka ziguse seli za mwenyeji wao. Anapoutoa mrija, kipira hunywea kikaonekana kama kimekufa. Baada ya saa chache hujaa tena.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifia. Nausifia nikiwa Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, kilomita ishirini hivi kutoka Mwanza mjini. Wengi wanaijua Kisesa kwa Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora na kwa ngoma za Bulabo. Lakini kuna jambo jingine lililoipeleka Kisesa mbali. Hapa watu wameulizwa habari za damu na habari za uzazi kwa pamoja, kwa miaka mingi, kwa daftari na kwa kupiga hodi. Waliofanya kazi hiyo walikutana na kikwazo kilekile kinachomsumbua fundi wa panya: damu na uzazi hufichana. Ukitaka kukijua kimoja, kingine kinakuzibia njia.

Nianze na zile seli kumi na tano, maana hizo si seli za kawaida. Mwaka 1981 Martin Evans na Matthew Kaufman, wakiwa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba seli shina zinaweza kutolewa kwenye kiinitete cha panya zikafugwa kwenye sahani bila kupoteza uwezo wa kugeuka kiungo chochote cha mwili. Marekani, watu wawili walikuwa wakihangaika na swali lingine: je, unaweza kuifikia jeni moja ndani ya seli hai, kati ya maelfu, ukaiharibu hiyo peke yake? Oliver Smithies alijibu mwaka 1985 kwa kupenyeza kipande cha DNA kwenye jeni ya beta-globini, jeni ileile ambayo herufi yake moja ikikosewa katika nakala zote mbili mtu huzaliwa na ugonjwa wa selimundu. Mario Capecchi, akiwa Utah, alifanikisha jambo hilo kwenye seli shina za kiinitete mwaka 1987. Panya wa kwanza waliozaliwa kwa njia hiyo walitangazwa mwaka 1989. Mwaka 2007 Evans, Smithies na Capecchi walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Ugumu wa kazi uko katika uchache. DNA ngeni ikiingizwa ndani ya mamilioni ya seli, nyingi haziipokei kabisa; zinazoipokea huipachika popote; zinazoipachika mahali panapotakiwa ni za kuhesabu. Aliyewahi kukaa na ungo wa mchele uliochanganyika na mawe meupe anaielewa taabu hii. Capecchi na wenzake walitengeneza mtego wa hatua mbili. Katikati ya kipande cha DNA waliweka jeni inayoikinga seli dhidi ya dawa fulani ya sumu, hivyo seli isiyopokea kitu hufa. Pembeni mwa kipande hichohicho waliweka jeni nyingine inayoigeuza dawa ya pili kuwa sumu. Kipande kikiingia mahali pake sawasawa, ile jeni ya pembeni hukatika ikabaki nje. Kikiingia ovyo, huingia nacho na seli hufa. Zinazonusurika dawa zote mbili ndizo za kuchunguzwa zaidi. Nimeshasoma maelezo mengi ya mbinu za kisayansi, na sijui nyingine inayotumia kifo na uhai kwa hesabu safi namna hii.

Baada ya hapo kazi inarudi kwa mfugaji. Seli zilizobadilishwa kwa kawaida hutoka kwa panya wa rangi ya kijivu-kahawia na kuingizwa kwenye kiinitete cha panya mweusi. Kiinitete huwekwa ndani ya jike aliyepandwa na dume aliyefungwa mirija ya mbegu, ili mwili wake ujiandae kubeba mimba isiyo yake. Vitoto huzaliwa na mabaka, nusu mwenyeji nusu mgeni. Madume wenye mabaka hupandishwa kwa majike weusi. Akizaliwa mtoto wa kijivu-kahawia, mfugaji anajua kwamba zile seli ngeni zilifika hadi kwenye mbegu za baba. Hapo hahitaji mashine, manyoya yanatosha. Kisha hupandisha ndugu kwa ndugu wenye nakala moja nzima na nyingine iliyozimwa, na kwa kanuni ya urithi anatazamia mtoto mmoja kati ya wanne azaliwe na nakala zote mbili zimezimwa. Kwa njia hii ya awali, kutoka sahani ya seli hadi mtoto huyo, mwaka mzima hupita, na mara nyingi unapitiliza.

Ndani ya mwaka huo kuna kazi ndogo za kila siku zisizoandikwa kwenye magazeti. Asubuhi na mapema mfugaji hufungua vizimba akatazama kila jike. Aliyepandwa usiku huwa na kizibo kidogo kigumu, cheupe kama maziwa yaliyoganda, na kizibo hicho hudondoka siku hiyohiyo. Akichelewa, tarehe ya mimba imepotea, na pamoja nayo hesabu yote ya siku zinazofuata, maana ini la kiinitete cha siku ya kumi na nne halifanani na la siku ya kumi na sita. Mpangilio mzima wa utafiti wa damu ya viinitete umejengwa juu ya mtu aliyeamka mapema.

Kwamba damu na uzazi wa jike vinaweza kuning'inia kwenye jeni moja, hilo lilijulikana kabla ya hizi mbinu. Kulikuwa na panya wenye kasoro ya kuzaliwa nayo, iliyopewa herufi W: manyoya meupe, damu haba, wagumba. Elizabeth Russell aliwachunguza kwa miongo kadhaa katika Maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine. Mwaka 1957 yeye na Beatrice Mintz walizitia rangi zile seli changa zinazosafiri ndani ya kiinitete kwenda kuwa mayai au mbegu, wakazihesabu safarini. Katika viinitete vyenye kasoro, seli hizo hazikuongezeka. Zilibaki chache njia nzima. Russell pia aliwapandikizia panya hao uboho wa panya wazima na upungufu wao wa damu ukapona. Ugumba haukupona. Mwaka 1988 ikajulikana kwamba jeni yenyewe ni Kit, mlango juu ya seli ambao seli za damu, seli za uzazi na seli za rangi ya ngozi zote hupokelea amri ya kuishi na kuongezeka.

Nimeitaja habari ya Russell kwa sababu ya ule uboho. Mkono wake ulifanikiwa kuvitenganisha vitu viwili vilivyozaliwa vimeshikana, damu ikaja upande huu, uzazi ukabaki upande ule. Kila fundi aliyemfuata amekuwa akitafuta namna yake ya kufanya hivyo.

Sasa tuje kwa panya niliyemkusudia. Jeni yake inaitwa Zfp36l2, jina lisilotamkika, ila kazi yake inaeleweka. Seli inapotaka kutengeneza protini, huandika nakala ya ujumbe kutoka kwenye DNA. Nakala hizo hazitakiwi kudumu. Ujumbe uliokwisha kutimizwa lazima ufutwe, la sivyo seli itaendelea kutii amri za jana. Protini ya Zfp36l2 hushika baadhi ya nakala hizo kwenye mkia wake na kuharakisha kufutwa kwake. Mwaka 2009 Deborah Stumpo, Perry Blackshear na wenzao, katika taasisi ya taifa ya afya ya mazingira huko North Carolina, walieleza habari za panya waliozimiwa jeni hii kabisa. Vitoto vilizaliwa, vikanyonya, na katika muda wa wiki mbili hivi vikafa kwa kuvuja damu, mara nyingi tumboni. Chembe nyekundu zilikuwa pungufu, nyeupe pungufu, na zile za kugandisha damu pungufu pia.

Fundi mwingine angeishia hapo. Hawa walirudi nyuma, hadi ndani ya mimba. Katikati ya ujauzito wa panya, kiwanda cha damu ni ini la kiinitete. Uboho bado haujashika zamu. Walichukua seli za ini hilo, wakazipanda kwenye rojo, wakasubiri, kisha wakahesabu vishada vilivyoota. Vilikuwa vichache mno. Halafu wakafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: waliwaunguza panya wengine kwa mionzi mpaka uboho wao ukafa, kisha wakawapa mchanganyiko wa seli za ini zenye jeni na zisizo na jeni, zishindane kuujenga mwili upya. Zisizo na jeni zilishindwa. Hivyo wakajua kwamba hitilafu iko ndani ya seli shina za damu zenyewe, si katika mazingira zinamoishi. Panya mgonjwa angeweza kukuonyesha damu haba tu. Ilihitajika akili ya kuzishindanisha seli mbili ndani ya nyumba moja ili kujua lawama ni ya nani.

Lakini je, uzazi? Mtoto anayekufa ana wiki mbili hawezi kukuambia kama angezaa. Damu imelifunika jibu la uzazi moja kwa moja. Ukiwa na panya huyu peke yake, ungeweza kuandika kwa uaminifu kabisa kwamba jeni hii ni ya damu, ukawa umesema kweli nusu.

Hapa ndipo ninapoikumbuka Kisesa.

Mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, pamoja na mradi wa TANESA uliokuwa wa ushirikiano wa Tanzania na Uholanzi, walianza kuwaandika watu wote wa kata ya Kisesa, wilaya ya Magu. Walikuwa watu wapatao 20,000 katika vijiji kama Kanyama, Isangijo, Igekemaja, Ihayabuyaga na Welamasonga, pamoja na Kisesa yenyewe. Kazi hiyo ikaja kuendelea kwa jina la TAZAMA, ikishirikisha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Ilikuwa na mikondo miwili. Wa kwanza ni wadodosaji wanaopita kaya kwa kaya, duru baada ya duru, kuuliza nani yupo, nani kahama, nani kafa, nani kazaliwa. Wa pili ni upimaji wa damu kila baada ya miaka michache: kliniki ya muda inafunguliwa kijijini, watu wanatibiwa bure, na wanaokubali wanatobolewa kidole, tone linaangukia kwenye karatasi ya kunyonya, linakauka, linaenda maabara kupimwa VVU. Katika upimaji wa 1994–95 waliokutwa na VVU walikuwa kama asilimia 6 ya watu wazima. Ule wa 1999–2000, asilimia 8 hivi.

Kazi ya mdodosaji inaonekana rahisi kwa asiyeifanya. Anafika na orodha ya duru lililopita.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita kivulini."

Anaanza mbali: mvua, pamba, nani amerudi kutoka Geita. Kisha jina moja moja. Fulani bado yupo? Yupo. Na huyu? Ameolewa, yuko Nyanguge. Duru lililopita uliniambia binti yako ni mjamzito, alijifungua salama? Kama mimba iliharibika, jibu huja polepole, na mdodosaji mzuri hushusha kalamu kabla hajajibiwa. Tarehe nazo zina ufundi wake. Mama asiyekumbuka mwaka alipojifungua hukumbuka kama ilikuwa kabla au baada ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996. Kama ilikuwa wakati wa zile mvua kubwa za El Niño. Kama Mwalimu Nyerere alikuwa ameshafariki. Kutoka kwenye msiba ule wa ziwani, tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto inapatikana kwa tofauti ya mwezi au miwili. Hapa pia kuna anayelazimika kufika mapema kabla siku haijapotea.

Kwa nini kujisumbua hivyo, wakati kliniki za wajawazito zilikuwa tayari zinakusanya damu? Nchi nyingi za Afrika zilikadiria ukubwa wa janga la UKIMWI kwa kupima damu za wajawazito. Ni njia ya busara: wanawake wanakuja wenyewe, damu inatolewa kwa sababu nyingine, gharama ni ndogo. Kasoro yake ni kwamba aliye kliniki ni yule aliyeshika mimba. Utafiti wa Kisesa, kwa kuunganisha daftari la uzazi na karatasi za damu, ulionyesha kwamba kabla ya dawa za kufubaza virusi, wanawake wenye VVU walizaa pungufu kuliko wenzao kwa kiwango kilicho kati ya robo na theluthi. Ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, watafiti waliona mwelekeo huohuo. Maana yake ni nzito: virusi vilikuwa vikiwapunguza walioambukizwa katika foleni ileile iliyotegemewa kuwahesabu. Kwa wasichana wadogo mambo yaligeuka, kwa sababu msichana mjamzito amekwisha kuanza kujamiiana ilhali wengi wa rika lake bado, hivyo kliniki ilionyesha maambukizi mengi kuliko yaliyokuwapo. Basia Zaba wa London, Mark Urassa wa NIMR Mwanza na wenzao wakaandika mwaka 2000 jinsi ya kuzirekebisha takwimu za kliniki ili zisipotoshe, wakitumia takwimu za aina hii kutoka Afrika Mashariki na Kusini.

Kulikuwa na fumbo jingine ndani yake. Mwanamke asiyezaa, kwa sababu zozote, anaweza kuachika, akaolewa tena, akakutana na hatari asizozichagua. Basi kipi kilitangulia, ugumba au virusi? Upimaji wa siku moja hauwezi kukuambia. Daftari lililoanza kabla ya maambukizi linaweza, kwa sababu lina mimba zake za kabla na mimba zake za baada, na damu yake ya mwaka ule na ya mwaka huu. Ndiyo maana nayaheshimu yale maduru ya kuchosha. Kila duru lililorukwa lingekuwa tundu, na fumbo lingepitia hapohapo.

Sithubutu kumlinganisha mwanamke wa Kisesa na panya wa kizimbani. Mwanamke alikubali, aliulizwa, alikuwa na haki ya kukataa, na tangu upimaji wa 2003–04 ushauri nasaha na majibu viliwekwa mahali palepale kwa aliyetaka. Ninacholinganisha ni mtego wa swali. Kliniki ilimkosa mwanamke ambaye ugonjwa umemzuia kushika mimba. Maabara ilimkosa jike ambaye damu yake imemuua kabla hajakomaa. Pande zote mbili, aliyekuwa na jibu ndiye hakufika.

Kwa jeni ya Zfp36l2, njia ya kwanza ya kukwepa mtego ilipatikana hata kabla ya wale panya wa 2009. Mwaka 2004 Silvia Ramos, Blackshear na wenzao walikuwa wameeleza panya ambaye jeni yake haikuzimwa kabisa: protini ilibaki, ila imekosa kipande kifupi cha mwanzo. Panya hao waliishi. Madume walizaa. Majike hawakuzaa kabisa. Watafiti hawakuridhika na neno tasa. Walitaka kujua ni hatua ipi iliyokataa. Waliwapandisha, wakasafisha mirija ya uzazi kwa maji, wakatazama kilichotoka. Mayai yalikuwapo. Mbegu zilikuwa zimeingia. Yai lilikuwa limegawanyika mara moja, seli mbili zimelala ubavu kwa ubavu ndani ya ganda lake, duara mbili safi zenye ukubwa sawa. Siku iliyofuata zilikuwa bado mbili.

Kusimama hapo kuna sababu. Yai huja na akiba ya ujumbe ulioandikwa na mama lilipokuwa likikua ndani ya ovari, na kwa muda kiinitete huishi kwa ujumbe huo. Kwa panya, ni katika hatua ya seli mbili ambapo kiinitete huanza kwa nguvu kusoma jeni zake chenyewe, na wakati huohuo ujumbe wa mama lazima ufutwe. Protini inayofuta ujumbe ikiwa na hitilafu, si ajabu mambo yakwame katika makabidhiano hayo. Baadaye, hitilafu hiyo ilipohamishiwa kwenye ukoo mwingine wa panya, ule mweusi, majike walikwama mapema zaidi: hawakuachia mayai ipasavyo. Jeni ileile na kasoro ileile, ukoo tofauti, mlango tofauti umefungwa. Wafugaji wa panya huandika ukoo kabla ya jina la jeni, na mfano huu unaonyesha kwa nini.

Njia ya pili ni ya ustadi mkubwa zaidi. Badala ya kuiharibu jeni, fundi huizungushia alama mbili ndogo za DNA ziitwazo loxP, moja kila upande. Jeni hufanya kazi kama kawaida. Panya ni mzima. Kisha panya huyo hupandishwa kwa mwingine anayebeba kimeng'enya kiitwacho Cre, kilichoazimwa kutoka kwa kirusi cha bakteria, ambacho hukata popote kinapoziona alama hizo mbili. Ukikifunga kimeng'enya hicho kwenye swichi inayowaka ndani ya yai linalokua na si penginepo, jeni itakatwa ndani ya yai tu. Damu haiguswi. Jike anakua, ana afya, anapandwa, na sasa anaweza kulijibu lile swali. Hivyo ndivyo kundi la Miles Wilkinson na Heidi Cook-Andersen, huko California, lilivyoonyesha mwaka 2018 kwamba bila Zfp36l2 yai lenyewe haliwezi kunyamaza. Kabla ya kukomaa, yai hutakiwa kuacha kuandika ujumbe mpya. Mayai haya yaliendelea kuandika, na majike wakawa tasa.

Ungenipa nafasi ya kumwonyesha kijana wa shule ya Kisesa jambo moja tu katika elimu ya viumbe ya leo, ningemwonyesha swichi hii. Na ningemwonyesha kwa mfano wa damu, kwa sababu hapo ziwa letu lina hisa.

Kuanzia mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aligundua kwamba nyanda za juu zisizo na malaria hazikuwa na wabebaji wa selimundu ila wachache mno, lakini pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wabebaji walizidi mmoja kati ya watano katika baadhi ya jamii. Mwaka 1954 alieleza sababu: kubeba nakala moja ya jeni hiyo humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili huumwa. Nusu karne baadaye ilijulikana kwamba jeni nyingine, BCL11A, ndiyo inayoizima damu ya kichanga, ile ambayo selimundu haiidhuru, mtoto anapokua. Wazo likaja lenyewe: ukiizima BCL11A, damu ya kichanga itarudi. Lakini panya waliozimiwa jeni hiyo mwili mzima walikufa mara tu walipozaliwa. Mtego uleule. Kundi la Stuart Orkin, Boston, likatumia ile swichi, likaizima ndani ya seli zinazotengeneza chembe nyekundu peke yake, katika panya wenye selimundu, na mwaka 2011 likatangaza kwamba panya hao wamepona. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya binadamu inayofuata wazo hilo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nimeiandika bei hiyo kwa uchungu, maana najua wagonjwa wengi wanaishi wapi.

Wanaishi hapa. Katika maabara ya Bugando, Mwanza, kulikuwa na karatasi za damu kavu za watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa, zilizokusanywa kuwapima watoto waliozaliwa na mama wenye VVU. Jibu la VVU lilikwisha kutolewa na karatasi zimehifadhiwa. Emmanuela Ambrose, Luke Smart na wenzao wakaziuliza swali la pili, la selimundu, bila kumtoboa mtoto hata mmoja upya. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji, na zaidi ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe, huku wilaya na wilaya zikitofautiana. Hospitalini hapohapo, kupitia utafiti uitwao SPHERE, watoto wenye selimundu wakaanza kupimwa kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, na walio katika hatari ya kiharusi kupewa haidroksiurea, kidonge kinachoirudisha kwa kiasi ile damu ya kichanga.

Karatasi zile ni za aina ileile waliyotumia Kisesa: tone moja kwenye duara dogo lililochapwa, likaachwa likauke mbali na jua, likatiwa kwenye mfuko pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu. Mpimaji hutoboa kiduara kidogo pembeni mwa tone, akiacha damu ya kutosha kwa atakayekuja kuuliza baada yake.